Haitoki kwa Sabuni

Kabla sindano haijanigusa, kilichonigusa kwanza ni harufu.

Chumba kilikuwa juu ya duka la simu mjini Kisii, na chini yake makanga wa matatu za Keroka walikuwa wakishindana kelele na spika ya muuza dawa za panya. Fundi alikuwa kijana wa rika langu, mikono imejaa wino mpaka vidoleni. Alivaa glavu, akafungua sindano mpya mbele yangu ili nione pakiti ikichanika, kisha akachukua chupa yenye maji ya kijani. Akakinyunyizia kifundo cha mguu wangu, akapangusa kwa tishu. Ilikuwa harufu ya lavenda, spiriti kidogo, na nyuma yake kitu kingine: hospitali. Mguu ukaanza kutetemeka wenyewe.

"Siz, hata sijaanza," akasema.

"Najua. Hiyo ni nini?"

"Sabuni ya kijani. Ya tatuu. Mafundi wote wanaitumia."

Nikamwomba angoje. Nilishuka ngazi, nikanywa chai kwa mama mmoja wa kibanda, nikaangalia mikungu ya ndizi ikishushwa kutoka kwa pikapu, na nikajiuliza: manze, kwa nini sabuni inanitisha kuliko sindano? Makala haya ni jibu nililolitafuta baadaye. Lilinipeleka Vienna, likanirudisha Nyamira, na mwishowe likanikalisha kwenye kiti cha jikoni mbele ya nyanya yangu.

Tuanze na chupa yenyewe. Sabuni hii haikuzaliwa kwa sababu ya tatuu. Ilizaliwa kwa sababu ya magonjwa ya ngozi. Katika karne ya 19, kwenye Hospitali Kuu ya Vienna, kulikuwa na daktari aliyeitwa Ferdinand von Hebra, aliyeishi kati ya 1816 na 1880. Wakati huo madaktari wengi waliamini upele unatokana na damu chafu, yaani uozo unatoka ndani ya mtu na kujionyesha nje. Hebra akasema hapana, ni kadudu. Alikachunguza hadi akajiambukiza mwenyewe ili athibitishe. Na kama ugonjwa uko juu ya ngozi, basi ngozi ndiyo ya kutibiwa. Dawa yake moja ilikuwa sabuni laini ya potashi, wakati mwingine ikiyeyushwa kwenye spiriti na kutiwa mafuta ya lavenda.

Kwa nini kijani? Kwa sababu sabuni laini za Ulaya zilipikwa kwa mafuta ya mbegu za bei nafuu, yakiwemo ya mbegu za katani, na hayo huwa na rangi ya kijani. Ndiyo, katani ambayo ni ndugu wa damu wa bangi. Msishtuke. Siku hizi rangi ya chupa nyingi hutiwa tu kiwandani, lakini jina limebaki.

Hebra huyuhuyu alikuwa rafiki wa Ignaz Semmelweis, daktari aliyegundua kwamba kina mama wa Vienna walikuwa wakifa kwa homa ya uzazi kwa sababu madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuzalisha. Aprili 1847, katika wodi yake, karibu kina mama 18 kati ya kila 100 walikufa. Katikati ya Mei Semmelweis akalazimisha kila daktari aoshe mikono kwa maji ya klorini. Kufikia Juni, vifo vilikuwa kama 2 kati ya 100. Hebra ndiye aliyeutangaza ugunduzi huo kwenye jarida la kitabibu mwishoni mwa mwaka huo. Madaktari wengi walikasirika. Nani anapenda kuambiwa kwamba mikono yake ya heshima ndiyo michafu? Shikilia swali hilo, tutalirudia.

Sasa, ndani ya sabuni kuna nini? Sabuni yoyote ni mafuta yaliyokutana na kitu kikali. Ukitumia kikali kinachotokana na soda, ndugu wa magadi yetu ya Ziwa Magadi, unapata sabuni ngumu, ile ya kipande tunayokatiwa dukani. Ukitumia potashi, unapata sabuni laini inayoyeyuka upesi na kutoka kwa maji kidogo. Zamani potashi ilitoka kwenye majivu. Unachoma mimea, unachuja maji kwenye majivu, unachemsha maji hayo na mafuta.

Na hapo ndipo nilipocheka peke yangu kama mwehu. Majivu gani yana potasiamu nyingi? Ya maganda ya ndizi. Sisi watu wa Kisii na Nyamira, ambao migomba imetuzunguka mpaka mlangoni, tumekuwa tukilala karibu na nusu ya sabuni ya kijani. Majirani zetu Waluhya wanachuja majivu kupata munyu wa kupikia mboga za kienyeji. Kule Nigeria, Wayoruba wamepika sabuni yao nyeusi kwa majivu ya maganda ya ndizi na ya kakao tangu zamani. Kitu tulichodhani kimetoka Ulaya ndani ya chupa kumbe kinaeleweka kabisa ukisimama nyuma ya jikoni la Mgusii.

Kutoka hospitali, sabuni ilihamia kwa mafundi wa tatuu. Mwaka 1891, Samuel O'Reilly wa New York alipata hataza ya mashine ya umeme ya kuchora tatuu, akijenga juu ya wazo la kalamu ya umeme ya Thomas Edison. Mashine ilifanya kazi iende haraka. Inapopiga, wino na damu vinapanda juu, na fundi lazima apangushe kila baada ya sekunde chache ili aone mstari. Alihitaji kitu kinachong'oa wino bila kukwaruza ngozi iliyo wazi. Sabuni ya kijani, iliyokwisha kuzoeleka mahospitalini, ikafaa.

Lakini usidanganyike na harufu. Sabuni hufagia, haiui kila kitu. Mwaka 1961 mji wa New York ulipiga marufuku tatuu kwa hofu ya homa ya ini, na marufuku hiyo ilidumu hadi 1997. Virusi vya ini havijali fundi ana chupa ya rangi gani. Kama sindano imetumika kwa mtu mwingine, au wino umemiminwa kutoka kikombe kimoja kwa watu watatu, sabuni haiwezi kukuokoa. Wale mliokulia enzi za matangazo ya ukimwi redioni mnakumbuka: wembe mmoja, mtu mmoja.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu hapa ngozi na sabuni vina historia nzito.

Waingereza walikuja Gusii na bunduki mwaka 1905, wakarudi tena 1908 baada ya kijana Otenyo kumchoma mkuki ofisa G. A. S. Northcote, huku nabii Moraa akitajwa kuwa ndiye aliyemtia moyo. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Wakatoliki wa Mill Hill wakafika Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakafuata Nyanchwa muda si mrefu. Misheni ilikuja na Biblia na kalamu, na pia na kaptura, gauni na sabuni. Msomi ulimjua kwa macho kabla hajafungua kitabu: nguo imefuliwa, nywele zimekatwa, uso unang'aa.

Halafu, mwaka 1913, jambo likatokea ambalo sikuwahi kufundishwa shuleni. Mtu wa Alego aliyeitwa Onyango Dunde alisema nyoka mkubwa, Mumbo, alitoka ziwani, akammeza, akamtema akiwa mzima, na akampa ujumbe. Wazungu watatoweka. Wafuasi wasikate nywele. Wavae ngozi za mifugo. Na wasioge.

Wasioge! Nilisoma hilo mara mbili. Imani ya Mumbo ilishika mizizi sana Gusii, ikachanganyika na kumbukumbu ya Sakawa, nabii wetu wa zamani. Septemba 1914 Wajerumani walipovuka mpaka na kuingia Kisii kwa muda mfupi, maofisa wa Kiingereza waliondoka, na watu wakapora mji na misheni. Kwa waliomwamini Mumbo, lazima ilionekana kama unabii unatimia mchana kweupe. Haukutimia. Waingereza walirudi na adhabu. Miaka ya 1920 viongozi wa Mumbo walihamishiwa pwani, na mwaka 1954 serikali ikapiga imani hiyo marufuku.

Ningekuwa bado darasa la sita ningecheka: ati dini ya kutooga. Leo sicheki. Hawa hawakupenda uchafu. Walikuwa wameona kwamba sabuni imekuwa sare. Ukijipaka, umechagua upande. Kukataa kuoga ilikuwa njia ya kusema: umechukua ng'ombe wangu na mlima wangu, lakini ngozi bado ni yangu.

Ngozi ni ya nani. Hilo ndilo swali lenyewe, na familia yangu ililijibu kwa miguu.

Mimi naitwa Kemunto. Kwetu jina halianguki kutoka mbinguni, unapewa la mtu aliyekutangulia. Kemunto wa kwanza alikuwa mama yake nyanya yangu, wa upande wa Nyamira. Alipofungiwa enyangi, ile sherehe ya mwisho ya ndoa, alivishwa ebitinge, pete za chuma za miguuni. Ebitinge hazikuwa urembo wa Jumamosi. Zilimtangaza mke aliyekamilishiwa ndoa yake, na hakuzivua ila ndoa ikivunjika au mume akifa. Ukitembea, watu wanakusikia kabla hawajakuona.

Katikati ya miaka ya 1950, Kemunto aliingia kanisani. Kanisa halikutaka mapambo. Nyanya, ambaye kwetu tunamwita Magokoro, alikuwa kama miaka kumi, na anakumbuka siku pete zilipokatwa. Anasema zilipotoka, ngozi ya chini ilikuwa laini na nyeusi inayong'aa, imekwaruzwa na chuma kwa miaka, kama njia ya ng'ombe kwenye majani. Mama yake aliketi mtoni akasugua alama hiyo kwa sabuni ya kipande asubuhi nzima kabla ya ubatizo. "Hakulia," Magokoro aliniambia. "Alisugua tu."

Alama haikutoka. Alizikwa nayo.

Ndiyo sababu nilikuwa kwenye kile kiti mjini Kisii. Nilitaka ebitinge. Mistari minne kuzunguka kifundo cha mguu, wino mweusi, basi.

Lakini bado sijaeleza harufu.

Kuna jambo watu wa nje husema kuhusu sisi, kwamba kabla ya hospitali hatukujua kitu. Si kweli. Gusii ilikuwa na ababari, wapasuaji waliofungua fuvu la mtu aliyepigwa kichwani na kukwangua mfupa mpaka maumivu yapungue. Daktari J. G. W. Grounds aliandika kuwahusu mwaka 1958 katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki, na Edward Margetts, daktari wa akili aliyefanya kazi Kenya, akaandika mwaka 1967. Wagonjwa wengi waliishi. Ababari walijua wapi pa kukata na wapi pa kuacha. Jambo lililonivutia zaidi ni hili: mgonjwa ndiye aliyekwenda kwa mpasuaji. Alikuwa na maumivu, akaomba msaada, akakaa.

Mimi sikuomba. Nilikuwa na miaka minane. Ilikuwa Desemba, tuko wasichana wanne wa ukoo mmoja, na muuguzi akaletwa nyumbani. Watu wazima walikuwa wakisema kwa fahari kwamba safari hii mambo ni ya kisasa. Hakuna wembe wa zamani. Kuna glavu, kuna beseni, kuna sabuni ya hospitali. Ninakumbuka harufu yake vizuri kuliko ninavyokumbuka maumivu. Sitasema zaidi ya hapo, na huhitaji zaidi.

Kwa kipimo cha nchi, sikuwa peke yangu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulionyesha kwamba kati ya wanawake Wakisii wa miaka 15 hadi 49, asilimia 84 walikuwa wamekeketwa. Gusii inajulikana hasa kwa hilo la kuwaita wahudumu wa afya. Sheria ya Watoto ya 2001 ilikuwa tayari imekataza mtoto asifanyiwe hivyo, na sheria ya 2011 ikakataza kabisa, kwa mtu wa umri wowote, awe ameshika wembe wa kijijini au kisu cha hospitali. Sheria hiyo ilisema wazi kitu ambacho beseni la maji ya moto lilijaribu kukificha: kusafisha kisu si kusafisha tendo.

Hapo ndipo nikamkumbuka Semmelweis na mikono ya heshima. Sabuni inaweza kuokoa maisha ya mama mzazi. Sabuni hiyohiyo inaweza kumfanya mtu aamini kwamba anachofanya ni sawa kwa kuwa ananukia usafi. Wamisheni waliamini hivyo kuhusu miguu ya Kemunto. Shangazi zangu waliamini hivyo kunihusu. Sidhani walinichukia. Walikuwa wananawa mikono.

Nilipomaliza chai, nilipanda ngazi tena. Nikamwambia fundi, "Nitakuuliza maswali mengi." Akasema, "Uliza, madam." Nikamuuliza sabuni imechanganywa na maji kiasi gani, sindano inatupwa wapi, wino anaumimina kwenye kikombe cha nani. Alijibu yote, akanionyesha kidumu cha manjano cha kutupia sindano. Kisha akaniuliza swali moja ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza kabla ya kuigusa ngozi yangu na kitu chenye ncha.

"Uko tayari? Ukisema simama, nasimama."

Nilisema simama mara mbili. Alisimama mara mbili.

Kwa wale mtakaopanda ngazi kama zile, nawaachia niliyojifunza, maana tatuu yangu ya kwanza, niliyochorwa Nairobi kwa bei ya kutupa, ilioza wiki nzima kwa sababu ya ujinga wangu. Sabuni ya kijani ni ya fundi, wakati wa kazi. Ina spiriti na manukato, na kidonda kinachopona hakihitaji vyote viwili. Ukifika nyumbani, nawa mikono kwanza. Osha tatuu kwa maji safi ya vuguvugu na sabuni ya kuogea isiyo kali wala isiyonukia, kwa vidole, si kwa sponji. Usitumie kipande cha kufulia, ndiyo ilikuwa kosa langu. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi au tishu. Paka mafuta kidogo sana yasiyo na manukato. Usibandue magamba hata yakuwashe vipi. Usiogelee, usiloweke, na ukwepe jua mpaka ipone, jambo la wiki mbili tatu kwa wengi. Wekundu ukizidi kuenea, usaha ukitoka, au homa ikapanda, wacha ushauri wa marafiki, nenda hospitali.

Siku ya tano nilikwenda Nyamira. Magokoro alikuwa jikoni akimenya matoke, maganda yanarundikana miguuni pake, na mimi nikawaza: potashi. Niliketi kwenye kigoda nikiwa nimevaa soksi ndefu kama mwizi. Lakini huwezi kumficha bibi wa miaka themanini kitu. Aliona ninavyouweka mguu.

"Kemunto, mguu una nini?"

Nikavua soksi.

Aliweka kisu chini. Hakusema neno kwa muda, na kule nje kuku walikuwa wakigombana kana kwamba dunia haina shida nyingine. Yeye ni mzee wa kanisa. Nilikuwa nimejiandaa kwa Mambo ya Walawi, nilikuwa na majibu tayari. Aliinama, akaangalia kwa karibu, akahesabu mistari kwa kidole bila kugusa. Moja, mbili, tatu, nne.

"Zake zilikuwa nyingi kuliko hizi," akasema.

Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hana hakika kama anataka kununua: "Hii inatoka kwa sabuni?"

"Haitoki, Magokoro."

Akatikisa kichwa. Sikujua kama anakubali au anasikitika, na hadi leo sijui. Aliinuka, akamimina maji ya moto kwenye beseni, akapoza kwa maji ya mtungi, akajaribu kwa kiwiko kama wanavyofanyia watoto wachanga. Akalisogeza beseni mpaka miguuni pangu, akaweka kipande kipya cha sabuni ya kuogea pembeni, bado kikiwa ndani ya karatasi yake.

Hakuniosha. Aliketi tena kwenye kigoda chake, akachukua kisu, akaendelea kumenya ndizi, akiningoja nioshe mwenyewe.